Simu ya Mama na Jua la Ijumaa

Kaa karibu nami kidogo, wewe unayesoma, na kama simu yako iko mkononi iweke hapo mezani tuizungumzie ikiwa mbele yetu. Nitakueleza polepole, kwa sababu mimi nilielezwa mambo haya kwa haraka nikayaelewa nusu, na ile nusu iliyobaki nilikuja kuielewa nikiwa nimechelewa. Mwezi wa pili mwaka huu kaka yangu Onchari alibomoa jiko la mama kule Sironga, Nyamira. Lilikuwa limeinama upande wa migomba, na mke wake, Kwamboka, alikuwa amechoka kupika jicho moja likiwa kwenye sufuria na jingine kwenye ukuta. Pale juu, fito zinapokutana na mabati, walikuta mkebe wa biskuti ulioliwa na kutu. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kichwa, kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, na simu ya vibonyezo iliyofungwa ndani ya mfuko wa sukari. Kwamboka aliniletea simu hiyo kibandani kwangu Keroka. Hakunisalimia kwa kirefu kama kawaida yake. Aliiweka juu ya kaunta akasema, "Hii ni yako kuliko yetu," kisha akakaa kwenye benchi akageukia barabara, akawa kama anayehesabu malori.

Kibandani kwangu sikosi chaja wala betri ya simu yoyote, hata zile ambazo watoto wa leo wakiziona huuliza kama ni redio. Betri ya simu ile ilikuwa imevimba kama andazi, nikaitoa nikaweka nyingine ya aina hiyo hiyo. Ikawaka. Laini ya mama ilikuwa bado ndani, imekufa zamani, lakini laini iliyokufa haifuti kilichoandikwa kwenye simu. Nilifungua orodha ya namba zilizopigwa. Simu za aina hiyo huweka ishirini za mwisho. Zote ishirini zilikuwa jina moja, na jina lenyewe lilikuwa langu. Nilitazama siku na saa zilizoandikwa kando ya kila moja, nikaizima, nikamwomba Kwamboka aniangalizie kibanda, nikaenda nyuma ya maduka nikasimama pale wanapotupa maganda ya ndizi hadi nilipoweza kurudi.

Sitakuchosha na habari za ukoo wetu wala shamba letu la majani chai. Nataka kukusimulia mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka ishirini na mitatu, nilipokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba nikiwa na simu niliyoinunua Keroka. Niliinunua kwa kijana aliyeitwa Mokaya, aliyekuwa na meza chini ya mwavuli mahali malori yanaposimama kujaza ndizi. Ilikuwa simu nyeusi, mpya, na bei yake nafuu kwa sababu ilitolewa na kampuni moja ya simu kwa wateja wake. Simu hizo zilikuwa zimefungwa. Nitakuambia maana yake, maana sikuambiwa. Chukulia kwamba simu ni nyumba, na ile kadi ndogo tunayoiita laini ndiye mpangaji. Nyumba nyingine humkubali mpangaji yeyote. Nyingine kufuli yake inamjua mpangaji wa kampuni moja tu, na akija mwingine haifunguki hata akiwa na heshima zake zote. Kwetu hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu kijiji kizima tulitumia laini ya kampuni hiyo hiyo. Tulikuwa kama watu waliozaliwa ndani ya boma wakafikiri lango ni sehemu ya ukuta. Mokaya aliijaribu simu kwa kuandika jina lake mwenyewe ndani, "Mokaya Simu Keroka," akanipa. Jina hilo likumbuke.

Ijumaa ya mwisho nikiwa nyumbani ilikuwa kama Ijumaa nyingine zote katika nyumba ya Wasabato. Siku ya maandalizi hakuna anayekaa. Mboga ya chinsaga ilikuwa imechemka tangu asubuhi ili uchungu utoke, ikatiwa maziwa ya mtindi. Ndizi zilikuwa zimepikwa za leo na za kesho. Maji yalijaa kwenye mitungi, viatu vilipakwa rangi vikapangwa mlangoni. Mama alikuwa anapumua kwa shida siku hizo na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, lakini hakukaa chini mpaka kila kitu kilipokuwa mahali pake. Kabla jua halijafika kwenye mikaratusi ya ng'ambo, alichukua simu yake, akabonyeza kile kibonyezo chekundu, akakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Akaifunga kwenye mfuko wa sukari, akaitia kwenye mkebe. Itatoka kesho jua likizama tena. Si kila Msabato alifanya hivyo. Vijana wengi walizima sauti tu. Lakini mama alikuwa akisema kwamba mgeni akija huwezi kumwambia ngoja huku unachungulia dirishani kuona nani mwingine anapita.

Hakujua kusoma. Nilikuwa nimemfundisha kwa vidole: kijani ni kupokea, na ukishikilia mbili kwa muda inanipigia mimi. Siku hiyo, mkebe ukiwa bado mikononi, alirudia somo.

"Mbili ni wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na moja ni nani?"

"Moja ni ya kampuni. Wameichukua wao."

"Basi wewe ni wa pili kila mahali," alisema, kwa sababu nilizaliwa baada ya Onchari. Kwamboka alicheka akiwa anapuliza moto. Mama akaketi, akanivutia kwake sahani ya ndizi, akaanza kunimenyea kama mtoto. "Na huko uendako wana Sabato?"

"Siku yao ni Ijumaa, mama."

Alilifikiria jambo hilo vizuri. "Basi hawako mbali. Wamekosea kwa siku moja tu."

Tulicheka. Mimi nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu wakati huo, na sijui tena kama lilikuwa la kuchekesha.

Chumba nilichopewa kule kilikuwa stoo iliyo nyuma ya jiko. Kulikuwa na kitanda, jokofu kubwa la nyama lililonguruma mchana kutwa, na dirisha lenye ukubwa wa sinia, juu mno hata sikuweza kuona chini. Chakula kilikuwa kingi, siwezi kusema uongo. Wali ulikuja kwenye sahani pana, na uliobaki ulikuwa wangu. Chai haikuwa na maziwa, na mkate ulikuwa mwembamba kama kitambaa. Nilikula peke yangu nimesimama. Siku ya kwanza niliwasha simu, nikaona kwamba mahali pale panapoonyesha nguvu ya mtandao hapakuwa na kitu. Hili nalo nikufafanulie: laini ya nyumbani haifanyi kazi nchi nyingine mpaka uiombe kampuni yako ikufungulie huduma hiyo kabla hujaondoka. Mimi sikuomba, sikujua kwamba huombwa. Nilidhani simu ni kama jina, unakwenda nalo. Kumbe mama alipokuwa ameshika kibonyezo cha mbili kule Sironga, akiambiwa kwamba sipatikani, simu yangu ilikuwa kiunoni mwangu, imewaka, haina habari.

Mwenye nyumba, mwanamke tuliyemwita Madamu, hakuwa mtu mbaya. Wiki ya pili aliniletea laini ya nchi yao. Tuliitia kwenye simu, simu ikadai namba ya siri ya kuifungua. Dereva wa nyumba, aliyetoka mbali kama mimi, alijaribu namba za kubahatisha, moja baada ya nyingine, hadi simu ikasema nafasi za kujaribu zimekwisha. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kuku aliyekufa. Kuanzia hapo simu yangu ikawa saa, tochi na orodha ya majina. Onchari hakuwa na simu wakati huo. Yeye na mama walitumia moja. Madamu akanionea huruma, akaniruhusu nitumie simu ya mezani iliyokuwa sebuleni kando ya kiti cha mume wake. Nitumie Ijumaa, wakishasali sala ya magharibi na kwenda kula kwa mama mzazi wa Madamu. Dakika kumi.

Saa zao na zetu ni sawasawa. Ijumaa ile ya kwanza waliondoka saa moja kasorobo. Niliketi chini, sikuthubutu kukaa kitini, nikabonyeza namba ya mama niliyoijua kwa moyo. Yule mwanamke wa kampuni akanijibu kwa sauti yake tamu kwamba mteja niliyempigia hapatikani kwa sasa. Sikuhitaji kupiga tena ili nijue. Nilitazama saa ya ukutani nikauona mkebe wa biskuti juu ya kabati, nikayaona na macho ya mama yamefumbwa, wimbo wa kuikaribisha Sabato unaanza. Saa pekee niliyopewa katika wiki nzima ndiyo saa pekee ambayo mama alikuwa ameizima kwa ajili ya Mungu.

Nilijaribu kumweleza Madamu. Alijua Kiingereza kidogo na mimi nilikuwa nimeokota Kiarabu cha jikoni.

"Ijumaa ni siku njema," alisema. "Siku ya Mungu."

"Mama pia, siku ya Mungu. Mama anazima simu."

"Mama yako Mwislamu?"

"Hapana. Mama, Jumamosi."

"Jumamosi siku ya Mungu?" Alicheka kwa mshangao, akamwita mama mkwe wake aje asikie. Yule bibi kizee akanitazama kwa upole akasema neno ambalo baadaye nilielewa lilikuwa "kila mtu na yake." Madamu akaniahidi Jumamosi. Jumamosi hiyo walikuja wageni, nikazunguka na kahawa mpaka miguu ikafa ganzi, na bwana wa nyumba alikaa kando ya simu muda wote. Jumamosi iliyofuata nilimkumbusha, akasema Inshallah. Ya tatu nilimkumbusha tena, akaniuliza kama Ijumaa haitoshi. Sikuuliza mara ya nne. Ukiwa katika nyumba ya mtu, hujui ni neno lipi litakalokuondolea hata kile kidogo ulichopewa.

Basi Ijumaa ya saba au ya nane nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Niliwasha simu yangu nikapitia majina yote, moja moja, nikitafuta mtu mmoja tu ambaye simu yake ingekuwa hai saa hiyo. Mchungaji. Mwalimu wa kwaya. Shangazi. Mama wa watoto wa shule ya Sabato. Jirani yetu, ambaye ni mzee wa kanisa. Majina ishirini na sita, na ishirini na tano walikuwa wamezima, au wamezificha simu zao chini ya godoro. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na mitatu bila kuwa na namba ya Mkatoliki hata mmoja. Niliyebaki naye alikuwa Mokaya Simu Keroka.

Alipokea mara moja. Nyuma yake nilisikia lori likiguruma na mtu akibishana bei ya mkungu, na harufu ya Keroka ikanijia puani, vumbi, dizeli na mahindi ya kuchoma.

"Nani huyo? Namba ndefu kama mkia."

"Ni Nyaboke wa Sironga. Uliniuzia simu nyeusi."

"Nyaboke. Uko Uarabuni? Na simu inaendelea aje?"

"Imekataa laini ya huku."

"Ah, hiyo imefungwa na kampuni. Hiyo si shida hata kidogo. Niletee kesho nikufungulie."

Kisha akaelewa alichosema, akacheka, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike, na kicheko kikageuka kilio nikiwa nimeziba mdomo kwa kitambaa.

"Pole, dada. Nilisahau uko wapi."

Nikamwambia ampigie mama Jumapili. Amwambie niko hai, ninakula, na kwamba napiga kila Ijumaa jua likishazama, kwa hiyo simu isizimwe.

"Ijumaa jua likizama? Si mama yako ni Msabato?"

"Ni Msabato."

"Sasa hiyo ni kazi ya askofu, si yangu," alisema. "Lakini nitampigia. Nipe namba." Akaiandika kwenye boksi la chaja, nikasikia kalamu ikikwaruza. Nilikata simu nikiwa na furaha ambayo leo nikiikumbuka naona aibu, kana kwamba nilikuwa nimeshachukua kitu ambacho kilikuwa bado hakijaiva.

Ijumaa iliyofuata mama hakupatikana. Na iliyofuata pia. Nilimpigia Mokaya, naye hakupatikana. Wauza simu hubadilisha laini kama watu wengine wanavyobadilisha soksi. Nikaamini kwamba hakumpigia mama. Au kwamba alimpigia na mama akakataa, kwa sababu Sabato ni Sabato, na hilo la pili liliniuma kuliko la kwanza. Kuna pembe moja ya moyo wangu iliyoanza kusema: ameambiwa, na amechagua.

Ukutani jikoni kulikuwa na kalenda ya sala. Ilionyesha kwa kila siku ya mwaka saa ya kila sala, kwa dakika. Nilikuwa nikiitazama kila siku bila kuiona. Mwishoni mwa mwezi wa nane, nikipanguza vigae, macho yangu yalipita kwenye ule mstari wa magharibi nikagundua kwamba namba zake zilikuwa zikishuka. Nilipofika, jua lilikuwa likizama saa kumi na mbili na nusu. Sasa lilikuwa likizama mapema zaidi, na kwenye kurasa za mbele lilizidi kurudi nyuma, dakika saba, dakika nane kila wiki. Mimi ni mtu wa Nyamira. Kwetu jua huzama saa ile ile Januari hata Desemba; hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna nchi ambako linahama. Nilifunua karatasi mpaka mwezi wa kumi nikaona kwamba wiki ya pili litazama saa kumi na moja na nusu. Madamu na watu wake wangeondoka kabla ya saa kumi na mbili. Na saa hiyo, Sironga, jua lingekuwa bado liko juu ya mikaratusi, mama yuko jikoni anamalizia kuosha vyombo, na simu yake imewaka.

Nilikaa chini kwenye vigae vile. Nilijiona nimeonyeshwa siri. Sikuhitaji Mokaya, wala kumwomba Madamu, wala kumtaka mama avunje kitu chochote. Nilihitaji kungoja tu. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka na sauti ya yule mwanamke wa kampuni, kwa kuwa kila Ijumaa ilinichukua siku mbili kurudi katika hali yangu, niliamua kwamba sitapiga tena hadi wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Kwa nini nijiumize bure, nilijiambia, wakati jua linanijia lenyewe. Mwezi wa tisa wote, Ijumaa jioni, Madamu na watu wake walipokwisha kuondoka, niliosha mapazia. Simu ilikuwa pale mezani. Madamu aliniuliza mara moja, "Hupigi?" Nikamwambia nitapiga baadaye.

Siku yenyewe ilipofika nilioga, nikavaa gauni la kanisani. Waliondoka saa kumi na moja na dakika arobaini. Nilipiga, na badala ya yule mwanamke nikasikia mlio. Iliita mara tatu.

"Ni nani?" Ilikuwa sauti ya Kwamboka. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia.

"Ni mimi. Nyaboke."

"Nyaboke gani?"

"Nyaboke wetu. Wa mama."

Nikasikia akifukuza kuku. Kisha akasema polepole, bila kupaza sauti, "Wewe uko hai."

"Niko hai. Nipe mama."

Akamwita Onchari, nikamsikia akisema, "Njoo uongee wewe, mimi siwezi." Onchari alikuja. Alinisalimia, akaniuliza afya yangu, akaniuliza kama huko kuna joto, mambo yote ambayo mtu huuliza akiwa anatafuta pa kuingilia. Halafu akaniambia kwamba mama tulimzika wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi, kando ya baba. Alisema "tulimzika," kana kwamba nami nilikuwapo na kushika jembe. Sikumbuki tulimaliza vipi. Nakumbuka kwamba kwenye dirisha la sebule, katika kipande cha anga nilichoweza kukiona nikiwa chini, kulikuwa na wekundu wa jua lililokwisha kuzama, na kwamba nilifikiri: kwetu bado.

Mwaka ulipotimia Madamu alinikatia tiketi bila maneno mengi. Nilifika nyumbani wakati wa mvua. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa ndani ya lile jiko, peke yangu, kwenye kigoda cha mama, na nje Kwamboka na jirani mmoja walikuwa wakimenya ndizi chini ya upenu. Walidhani nimelala kwenye nyumba kubwa.

"Ameambiwa?" jirani aliuliza.

"Ameambiwa nini?"

"Habari ya Sabato na simu."

"Nani atamwambia? Mimi siwezi."

"Kanisani bado wanaongea, unajua. Mzee Nyakundi wa kanisa alisema hakuwahi kuona jambo kama hilo. Omong'ina yule, mama mzee aliyekuwa akituzuia hata kuchungulia saa."

"Mzee Nyakundi alijibiwa," Kwamboka alisema, na nikasikia kisu kikisimama. "Aliingia akaiona inawaka juu ya mto. Akasema, 'Mong'ina, jua limezama.' Mama akamwambia, 'Nimeliona.' 'Na hicho?' 'Hicho ni mtoto wangu.' Akaongeza, 'Ng'ombe wako akizaa Sabato, Mzee, humwambii angoje Jumapili.'"

Walicheka kidogo, kile kicheko cha wanawake ambacho huisha kwa kupumua. Nilitoka nikasimama mlangoni. Kwamboka aliponiona alikiweka kisu chini, akanieleza yote, kwa kuwa hakukuwa tena na njia nyingine. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa dereva mmoja wa lori la ndizi aliwaletea ujumbe kutoka Keroka: Nyaboke yuko hai, anapiga Ijumaa jua likishazama, simu isizimwe. Mama alikuwa hatoki kitandani tena. Alitaka aambiwe ujumbe huo mara mbili. Ijumaa hiyo, jua lilipokaribia mikaratusi, Kwamboka alichukua simu aizime kama kawaida, na mama akamshika mkono. Ilikaa juu ya mto wake usiku kucha na Sabato nzima. Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Katikati ya wiki akafariki, na neno alilowaachia ni kwamba simu isizimwe. Waliichaji hadi siku niliyopiga, na tangu ujumbe ufike hawakuitumia kumpigia mtu, isije ikakutwa na shughuli. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuishika, Kwamboka akaitia kwenye mkebe, akauficha juu ya ukuta; lakini hilo la mkebe nimelijua mwaka huu tu, siku ile aliniambia imepotea.

Ijumaa tatu. Mimi nilikuwa naosha mapazia, hatua sita kutoka kwenye simu, nikingojea jua.

Nilimtafuta Mokaya. Alifurahi kuniona, akanipa kiti. Akaniambia kwamba lile boksi aliloandikia namba aliliuza siku ya pili, na chaja ndani yake, akakosa pa kuanzia. Ndipo ikapita miezi, akaja dereva kununua betri, akamuuliza anatoka wapi, akasema Sironga. "Lakini nilifikisha," alisema. "Si nilifikisha?"

"Ulifikisha."

Nikampa simu yangu nyeusi. Aliiunganisha na kompyuta yake ndogo, akabonyeza hapa na pale huku akiongea na mteja mwingine, akanirudishia. Ilikuwa imefunguka. Ilichukua dakika nne. Nilizihesabu kwenye saa ya mkononi. Nilimwomba anifundishe alivyofanya, na kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda, nilikaa pale mezani pake hadi nikaijua kazi, na ndivyo nilivyopata kibanda hiki.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa na faraja moja ndogo, kwamba pengine Kwamboka aliongeza chumvi ili kunionyesha jinsi nilivyopendwa. Simu iliyotoka kwenye mkebe imeniondolea hiyo pia. Sikuwa nimeambiwa kwamba mama hakungoja tu. Alipiga. Zile ishirini za mwisho zote ni za Ijumaa hizo tatu, saa moja na dakika nne jioni, saa moja na dakika tisa, saa moja na robo, kidole chake kimeshikilia mbili, jua limezama, na yule yule mwanamke mwenye sauti tamu akimjibu kuhusu mimi. Kwamboka hakujua, alisema mama alikuwa akimtuma nje aangalie kuku.

Wanaokwenda nje hupita kwangu siku hizi, wasichana na wavulana, wenye simu kubwa zinazong'aa. Hunitazama kwa subira ninapowaeleza, kwa sababu wanaamini kwamba mambo yamebadilika, na ni kweli yamebadilika kiasi. Lakini simu za mkopo bado hufungwa, laini bado hulala ukivuka mpaka, na kina mama bado wana saa zao. Kwa hiyo, rafiki yangu, sasa chukua simu yako hapo mezani. Azima laini ya kampuni nyingine, itie ndani, upige. Ikikataa, itafutie fundi leo, ukiwa bado hapa. Iombe kampuni yako ifungue laini yako kwa matumizi ya ng'ambo. Andika namba tano kwa kalamu kwenye karatasi, na moja iwe ya mtu asiyesali siku unayosali wewe. Kisha mpigie mama umwulize huzima simu saa ngapi, uandike saa hiyo kando ya namba yake. Na ukishafika huko, ikija wiki ambayo unaona hakuna haja ya kupiga, piga.